Jina Lililo Chini ya Kikombe

Sinywi pombe. Naanza na hilo kwa sababu ndilo swali la kwanza la kila anayeingia chumbani kwangu na kuona rafu ya dirishani: vikombe kumi na vinne vya sake, chupa tano za udongo, na bakuli moja lenye mdomo kama wa birika. Mama aliponipigia simu ya video mara ya kwanza baada ya kuvipanga, alinyamaza kidogo kisha akauliza, “Hivyo ni vya nini, mwanangu?” Nikamwambia ni vifinjani vya kahawa. Sikumdanganya kabisa.

Nimezaliwa Tanga. Kwangu mimi kitu kidogo cha kauri kisicho na mkono, kinachokaa kati ya vidole vitatu, kilikuwa na jina moja tu: finjani. Ni kile alichokuwa akikigonganisha muuza kahawa jioni, akapita na birika lake juu ya mkaa, na wazee wakasogea barazani bila kuitwa. Kwa hiyo nilipokwenda Kyoto kusoma, na tarehe 21 ya mwezi wangu wa kwanza nikapelekwa kwenye soko la vitu vikuukuu linalofanyika kila tarehe hiyo katika hekalu la Toji, sikuona vyombo vya ulevi. Niliona mkeka wa bluu umejaa vifinjani, na mzee mmoja kando yake anakula wali kwenye boksi.

Nilinunua kimoja. Mwezi uliofuata nikanunua viwili. Anayekusanya hajui siku aliyoanza kukusanya. Hugundua tu kwamba rafu imejaa.

Baadaye nilijifunza majina. Choko ndicho kidogo kabisa, guinomi kimenenepa kidogo, sakazuki ni kipana na kifupi kama kisahani, hicho ndicho cha harusi na sherehe. Tokuri ni chupa yenye shingo nyembamba, inayozamishwa katika maji ya moto mpaka sake ndani yake ipate uvuguvugu. Lakini majina si kitu. Kinachomshika mtu ni kitenzi. Wakusanyaji wa Kijapani hawasemi wanatumia kikombe cha sake, husema wanakilea. Vikombe vya Hagi vina ngozi ya kioo yenye nyufa nyembamba kama nywele. Sake hupenya humo mwaka baada ya mwaka, na kikombe kilichonunuliwa kikiwa na rangi ya maziwa huanza kuiva kama embe. Wenyewe huita mabadiliko saba ya Hagi. Vya Bizen havipakwi chochote, huchomwa kwa kuni siku nyingi mfululizo, majivu na moto vikachora vinavyotaka, na mwenye navyo hukwambia kwamba baada ya miaka ishirini ya kushikwa na kumiminiwa hulainika kama kiganja.

Mimi vyangu nimevilea kwa kahawa. Mkusanyaji mmoja niliyemzoea pale Toji, mzee mwenye kofia ya besiboli, nilipomwonyesha kikombe changu cha Hagi alikinusa, akakirudisha, akasema kimekuwa mtoto wa watu wengine.

Kuna fasihi nzima nyuma ya tabia hii, na mtu akikusanya kwa muda lazima akutane nayo. Kabla ya vita na baada yake, mtu aitwaye Aoyama Jiro alizungukwa na waandishi waliokuja kwake kunywa na kubishana juu ya vyungu, akiwemo mhakiki Kobayashi Hideo. Shirasu Masako naye alifundishwa jicho humo humo, na akaja kuwa mwandishi mkubwa wa mambo haya. Ni watu waliochukulia kikombe kimoja cha sake kwa uzito ambao wengine huuweka kwenye riwaya. Nawapenda na wananichosha. Katika dunia yao kuna watu wenye jicho na watu wasio nalo, na jicho halifundishiki ila kwa kununua, kukosea, kuuza na kununua tena. Yaani linafundishika kwa wenye fedha.

Aliyenivuta zaidi ni Yanagi Soetsu, kwa sababu alikuwa upande wa vitu rahisi. Mwaka 1925, yeye na wafinyanzi Hamada Shoji na Kawai Kanjiro walibuni neno mingei, sanaa ya watu wa kawaida. Mwaka 1936 akafungua Nihon Mingeikan, jumba la makumbusho lililopo Komaba, Tokyo. Hoja yake, ukiisoma katika The Unknown Craftsman, kitabu ambacho Bernard Leach alikitoa kwa Kiingereza mwaka 1972, ni kwamba uzuri mkubwa hauko kwenye kazi ya msanii anayetia sahihi. Uko kwenye bakuli la bei nafuu lililofinyangwa kwa mamia na mtu asiye na jina, asiyekuwa na nafasi ya kujifikiria. Kwa kijana aliyekuja na fedha ya mwanafunzi, hiyo ilikuwa habari njema. Kikombe changu cha yeni mia tano kilikuwa kimetetewa na mwanafalsafa.

Nilikwenda Komaba. Vitu vimepangwa kwenye makabati ya mbao, mwanga unaingia kwa upole, na maelezo ni haba: kibao kidogo cheusi, herufi nyekundu chache, basi. Ni kwa makusudi. Yanagi alifundisha kwamba mtu atazame kwanza, kujua kuje baadaye. Akianza na kujua, macho hufunga. Nilitoka pale nikiwa nimeongoka. Sokoni niliacha kuuliza umri wa kitu wala kilitoka wapi. Nilikuwa nakishika, nakigeuza kwenye jua, na kama moyo ulisema ndiyo, nililipa.

Ndivyo nilivyonunua kile cha yeni 800.

Kilikuwa sakazuki ya kauri nyeupe, nyepesi kama ganda la yai, ndani imechorwa maua ya cheri ya waridi na nyota ndogo ya dhahabu. Kwenye kitako kulikuwa na mstari wa maandishi ya mkono, yaliyofifia. Kijapani changu wakati ule kilitosha kwa treni na mhadhara, hakikutosha kwa mwandiko wa zamani, na kusema kweli sikujaribu. Nilitazama kwanza. Kujua nilikuachia siku nyingine. Kikakaa rafuni miezi mitatu, na nilikipenda kuliko vingine.

Katika nyumba ile tulikuwa wanafunzi wanne. Mmoja alitoka Shenyang, kaskazini mashariki mwa China, anasoma uhandisi. Usiku mmoja alikuwa akiniosheshea vyombo, maana mimi nilikuwa nimepika, na kile kikombe kilikuwa kati yao kwa sababu nilikuwa nimekiwekea tende. Alikigeuza chini juu ili kikauke. Akakaa nacho.

“Unajua hapa pameandikwa nini?”

Nikasema sijui.

Alinisomea polepole, akiweka kidole chini ya kila herufi. Kumbukumbu ya ulinzi Manchuria. Halafu namba ya kikosi cha askari wa miguu. Halafu jina la mtu, la ukoo na la kwake. Manchuria ndiko kwao. Mji wake zamani ulijulikana kwa wageni kama Mukden, na ni nje kidogo ya mji huo ambako usiku wa tarehe 18 Septemba 1931 jeshi la Japani lililipua kipande cha reli yake lenyewe, likawasingizia Wachina, na kwa kisingizio hicho likaichukua nchi. Aliniambia kwamba kila mwaka tarehe hiyo ving'ora hulia mji mzima. Kisha akakikausha vizuri, pengine vizuri kuliko vile vyombo vingine, akakirudisha rafuni mahali pake na kwenda kulala. Hatukugombana. Ingekuwa rahisi zaidi kama tungegombana.

Vikombe hivi si adimu. Tangu zama za Meiji, na hasa baada ya vita na Urusi vya 1904 na 1905, askari aliyemaliza muda wake alikuwa na desturi ya kuagiza vikombe vyenye jina lake na kikosi chake, akawagawia ndugu na majirani waliomsindikiza kwa zawadi siku ya kuondoka. Vina nyota ya jeshi la nchi kavu, bendera, kofia ya chuma, ndege, na maua ya cheri kwa wingi, kwa sababu ua linalodondoka mapema lilifanywa mfano wa askari. Nyota niliyoidhani ni pambo ilikuwa alama ya jeshi. Wako wanaokusanya aina hii pekee, na mara nyingi minadani vinasifiwa kwa michoro: kofia iliyoinuliwa juu ya kauri ina bei yake, rangi isiyochubuka ina bei yake. Jina la mtu likitajwa, hutajwa kama ushahidi kwamba kitu si bandia.

Nilirudi kwa Yanagi nikiwa na hasira, na nataka niwe wa haki kwake. Hakuwa mtu wa kushangilia majeshi. Mwaka 1922, Korea ikiwa chini ya Japani, aliandika hadharani kulitetea lango la Gwanghwamun la Seoul lisibomolewe, na mwaka 1924 alifungua huko makumbusho ya sanaa ya watu wa Korea. Na kuhusu macho, kwa vitu vingi yuko sahihi. Kuna kikombe cheupe chenye duara mbili za bluu chini, wanakiita jicho la nyoka. Ni kifaa cha waonjaji: bluu na nyeupe huonyesha kama sake ina ukungu au umanjano. Hakuna aliyekusudia uzuri, na uzuri umo. Yanagi alinifundisha kuuona.

Ila fundisho lake lina shimo, na wakusanyaji wamelipenda shimo hilo kuliko fundisho lenyewe. Alisema mfinyanzi asiye na jina. Sisi tukasikia kitu kisicho cha mtu. Kitu kisicho cha mtu hakina madai. Unaweza kukipenda bila kukijibu chochote. Hata kwa wafinyanzi wenyewe hoja haikudumu: Hamada, aliyekataa kutia sahihi kwenye vyungu vyake, alitia sahihi kwenye maboksi ya mbao ya kuvihifadhia, mwaka 1955 serikali ikamtangaza kuwa miongoni mwa wale wanaoitwa Hazina Hai za Taifa, na leo boksi lenye mwandiko wake linaweza kuamua bei ya kilichomo. Jina lilitolewa mlangoni likaingia dirishani. Na wakati tunabishana juu ya jina la aliyefinyanga, jina la aliyekunywa limeandikwa wazi kwenye kitako na hatulisomi.

Ningepaswa kujua. Kusini kidogo ya Tanga kuna magofu ya Tongoni, shule hutupeleka huko tukiwa wadogo. Yapo makaburi ya nguzo, na kwenye baadhi ya nguzo kuna vishimo vya duara. Mwalimu alituambia humo mlipachikwa mabakuli ya kauri kutoka ng'ambo, na mabakuli yameondoka. Mimi ni mtu wa upande wa kishimo. Nilipopata nafasi ya kusimama upande wa mwenye bakuli, nilichukua miezi michache tu kusahau.

Sikukitupa kile kikombe. Nilifikiria kukiuza, nikaona nitakuwa nimempa mwingine yeni 800 za usahaulifu. Badala yake nikafanya jambo dogo na la kishamba: nilishusha kila chombo rafuni na kusoma kilichoandikwa. Vingi havikuwa na kitu. Chupa moja ilikuwa nayo mengi.

Ni tokuri nene, ya kijivu, ya karibu lita moja, yenye mwandiko mkubwa wa rangi ya chuma uliozunguka tumbo lote. Niliinunua kwa sababu ya mwandiko, kama mtu anunuavyo kanga asiyojua kusoma jina lake. Wajapani huita aina hii kayoi-tokuri, chupa ya kwenda na kurudi, na kwa utani chupa ya maskini. Zamani duka la sake lilikuwa na mapipa ya mbao ya mierezi, na mtu wa kawaida hakununua pipa wala hakuwa na chombo. Duka lilimwazima chupa. Anaijaza, anakwenda nayo nyumbani, ikiisha anairudisha, inajazwa tena, na hesabu inaandikwa kwenye daftari. Ndiyo maana jina lililoandikwa juu ya chupa ni la duka, pamoja na mtaa wake, na zile za miaka ya baadaye zina hata namba ya simu yenye tarakimu mbili au tatu. Halikuwa pambo, lilikuwa onyo: hii si yako.

Kama umewahi kuona picha ya yule tanuki wa udongo wa Shigaraki anayesimama nje ya migahawa ya Japani, mnyama mwenye tumbo kubwa na kofia ya majani, mkono mmoja ameshika chupa hii na mwingine ameshika daftari hilo. Sisi tuliotumwa dukani kwa Mangi na chupa tupu ya mafuta ya kula, tukaambiwa tuseme “Mama kasema uandike,” hatuhitaji kueleweshwa zaidi.

Chupa za kioo za lita 1.8 zilianza kuuzwa na watengenezaji mwaka 1901, zikaenea, na polepole mzunguko ule ukafa. Chupa za udongo zikabaki pale zilipokuwa zimefika. Ukiitazama hivyo, tokuri nyingi zinazouzwa sokoni leo kama mapambo ya kuwekea ua moja kavu ni vitu vya watu vilivyoazimwa na havijarudishwa.

Yangu ilikuwa na jina la duka na jina la mji mdogo wa mkoa wa Hyogo, upande wa Tamba. Nikatafuta kwenye ramani ya simu. Duka lilikuwepo. Jina lile lile.

Nilikwenda Jumamosi moja, treni mbili na basi. Begani nilikuwa na begi, ndani tokuri imefungwa kwenye kanga, na kile kikombe cha askari nimekitia kwenye soksi. Sijui kwa nini nilikichukua, labda sikutaka kukiacha nyumbani na mwenzangu. Duka sasa linauza bia za makopo, sigara, barafu na vitu vya kutafuna. Mwenyewe alikuwa mzee wa miaka themanini hivi, amevaa aproni. Nilikuwa nimeiandaa hotuba yangu kwa Kijapani cha heshima usiku kucha: kwamba naomba radhi kwa usumbufu, kwamba nina kitu cha duka lake, kwamba nimekuja kukirudisha.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaitazama tokuri kwenye kaunta, akaigeuza, akaingia nyuma, akarudi akicheka amebeba nyingine mbili zinazofanana nayo kama mapacha.

“Ziko kumi na moja ghalani,” alisema. “Tafadhali usituachie.”

Mama yake, aliniambia, alikuwa akiziwekea siki. Moja ilikuwa ya kuzuia mlango. Watu wa minadani wamekuja mara mbili na yeye hakuuza, si kwa kuzithamini, ila walimwudhi kwa kuzisifia. Nikamwambia basi anieleze nifanye nini nayo. Alifikiri kidogo, akaichukua, akaiosha bombani, akaifuta kwa taulo la shingoni mwake.

“Ni ya duka,” akasema. “Tumekuazima. Ukitoka Japani ilete.” Akataka kunijazia, nikamwambia sinywi, akanijazia chai baridi ya shayiri kutoka kwenye jokofu lake na akakataa fedha.

Nilikuwa nimekwisha kuinama kuaga nilipokumbuka soksi. Nilitoa kikombe nikamwonyesha, na kwa mara ya kwanza sikusema ni kizuri. Alivaa miwani akasoma kitako. Nilitegemea aniulize nilichouliziwa kila mara: umekipata wapi, umelipa kiasi gani. Alisema kwao nyumbani kilikuwepo kama hiki, cha ndugu wa baba yake, na hajui kilikokwenda. Kisha akauliza:

“Huyu alirudi?”

Nikaona nafasi ya kuonyesha nilichosoma. Nikamwambia vikombe hivi viliagizwa na askari waliomaliza muda, waliorudi makwao, wakavigawa kama shukrani. Kwa hiyo kama kikombe kipo, mwenyewe alirudi.

“Mara ya kwanza, ndiyo,” alisema, akanirudishia kwa mikono miwili.